Miaka Minane ya Bi Verlene

Ukitaka kumkasirisha Bi Verlene Hargrove wa Memphis, mwambie hajui kuhesabu. Kwa miaka kumi na tisa amepika mkate wa mahindi jikoni mwa shule, watoto mia nne kwa siku, na hajapungukiwa hata kipande. Saluni ya nywele aliyoiendesha jioni ilipokufa na mahakama ikamfutia madeni, ile barua ya kusamehewa aliitia kwenye fremu akaitundika juu ya jokofu. Sheria ya Marekani inasema ukishafutiwa mara moja, huwezi kufutiwa tena hivyo hivyo mpaka ipite miaka minane. Basi akaisoma tarehe ya barua, tisa Machi, akaanza kuhesabu.

Safari hii deni lilikuwa la hospitali, alipotolewa nyongo. Robo ya mshahara wake ilikatwa kila malipo, kwa amri ya mahakama, kulipia deni hilo. Hilo alilivumilia. Kilichomnyima usingizi ni mumewe, Odell, mwenye vali ya moyo iliyochoka. Daktari alishasema apasuliwe, naye amegoma katakata.

"Tukishafutiwa nitapasuliwa," husema. "Sitaki kukuongezea mzigo, mama."

"Mzigo ni hivyo unavyohema ukipanda ngazi tatu za baraza!"

"Ngazi zenyewe siku hizi zimerefuka."

Mzee huyo ana mzaha mpaka basi. Nadhani ndiyo sababu Bi Verlene ameishi naye miaka thelathini na sita bila kumtilia sumu kwenye chai.

Januari wakaenda kwa wakili, Bi Tisdale, binti aliyelelewa kanisani kwao, ili karatasi zikae tayari kusubiri Machi. Binti akapekua faili la zamani, akaangua kicheko.

"Bi Verlene, unasubiri nini? Miaka haihesabiwi kutoka kwenye barua ya msamaha. Inahesabiwa tangu siku ulipopeleka maombi, na ulipeleka Novemba. Minane imeshatimia!"

"Eti nini? Miezi miwili hii wamenikata bure?"

"Mke wangu hakosei hesabu," Odell akadakia. "Tarehe ndiyo iliyokosea."

Wakacheka wote watatu. Bi Verlene aliona mwili mzima umekuwa mwepesi. Akachukua kalamu, kwani maombi yalikuwa ya wote wawili, na yeye ndiye wa kwanza kusaini.

"Swali moja kabla ya kusaini," akasema wakili. "Kuna bili ya hospitali inayokuja? Maana deni litakalozaliwa baada ya leo haliingii humu, na mkishafutiwa mtangoja tena miaka minane."

"Hakuna," Odell akajibu upesi mno.

Bi Verlene akamtazama. Akamsoma wazi wazi. Wakisaini leo, bili ya upasuaji itabaki shingoni mwao miaka minane, na mtu huyu hatakubali kamwe kupasuliwa. Atatafuta sababu nyingine, na nyingine, mpaka moyo uchoke kabisa. Akaiweka kalamu mezani.

"Mwanangu, rudisha karatasi zako. Tutakuja akishapasuliwa, na bili yake mkononi."

"Lakini wataendelea kukukata mshahara, Bi Verlene."

"Wakate."

"Saini bwana, Verlene!" Odell akasema. "Nina miaka sitini na mbili. Nimeishi, nimeshakula kambare wa kutosha."

"Nyamaza, Odell. Mara ya kwanza nilifilisika kwa ajili ya mashine za kukaushia nywele. Mara hii ilikuwa nifilisike kwa ajili ya nyongo, tena mbovu. Leo nimepata kitu cha maana cha kufilisikia, unataka kuninyima?"

Odell akavua kofia akajipangusa nayo macho, mbele ya binti wa watu, wala hakuona haya.

Wakashuka ngazi za ofisi polepole, wameshikana mikono. Garini Odell akauliza chakula cha mchana ni nini. Bi Verlene alikuwa ameshakata kona kuelekea hospitali.