Kigae ni Kigae

Nilifika Ruiru juu ya lori la vyuma chakavu. Nilikuwa nimelipanda Busia asubuhi, na kabla ya kufika Eldoret nilikuwa nimejua pa kukaa na pasipokalika. Sufuria kuukuu ziliniunguza mapaja jua lilipochomoza vizuri, lakini wingu likipita zilipoa mara moja. Katikati ya mzigo kulikuwa na injini nzima ya trekta. Tulipokuwa tukipanda Timboroa jioni, baridi ikiniuma masikio, niliiegemea ile injini. Ilikuwa bado imeweka jua la mchana tumboni.

Mzigo ulishushwa Gitothua, katika karakana ya mzee mmoja aliyeyeyusha alumini na kuunda sufuria nzito za hoteli na shule. Nilikuwa na cheti cha sekondari na miji mitano nyuma yangu. Mzee aliniambia nisaidie kushusha. Nikasaidia, nikabaki karibu miaka miwili.

Waliniita Omwami, yaani bwana mkubwa kwa Kiluhya, jina wanalompa kila Mluhya huku, awe na shamba au asiwe nalo. Hilo sikulikataa.

Tanuru letu lilikuwa pipa la chuma lililokandikwa saruji kwa ndani. Kila baada ya majuma machache saruji ilipasuka, ikaangusha changarawe katika alumini iliyoyeyuka, na pipa likawa jekundu kwa nje. Tulikuwa tunapikwa sisi. Siku moja nilisema kwamba mama yangu alifinyanga vyungu maisha yake yote, na ningeweza kulikandika tanuru lile kwa udongo likakaa.

"Mama yako alikuwa anayeyusha nini, mboga ya mrenda?" akauliza mwenzetu wa kuvukuta moto. Karakana nzima ikacheka.

"Huo mrenda uliwahi kumwagika?" nikamjibu. "Basi vukuta."

Mzee hakucheka. Aliniuliza ninataka nini. Nikamwambia udongo wa mfinyanzi, na vigae vya kusaga. Nilimweleza kama nilivyofunzwa: udongo mtupu hupasuka motoni, lakini ukiuchanganya na kitu kilichokwisha kuungua, unatulia. Kilichoungua mara moja hakiogopi tena.

"Udongo utatafuta wewe," akasema. "Vigae niachie mimi. Lakini ikipasuka, Omwami, utarudi kwenu."

Nilikwenda Gatuanyaga kuchimba udongo kando ya kijito, siku mbili za vumbi na jembe. Niliporudi nilikuta magunia matatu ya unga wa kijivu. Mzee alikuwa ameokota mabaki ya vigae vya paa kwenye mtaa mpya unaojengwa, akawasagisha vijana.

"Mzee, hivi ni vya nyumba. Hii ni saruji iliyopakwa rangi."

"Si ulisema vigae?"

"Vya chungu. Chungu kikivunjika, vile vipande vyake."

"Kigae ni kigae. Hii inakaa kwa jua miaka yote na haiungui."

"Jua si moto, mzee."

Huko hakuna aliyemjibu mzee hivyo. Akaamuru tanuru likandikwe kwa unga wake, nami nikaweka mikono mfukoni, nikatazama. Sikugusa hata konzi moja.

Walipowasha moto, ukuta ulianza kulia kama mahindi ya kukaanga. Kipande kikaruka kikamchoma yule wa kuvukuta shavuni. Mzee akasimama mbele ya wote, akasema, "Ni Omwami alitaka vigae."

Nilisema nilichotaka kilikuwa kingine, na kila mtu pale alinisikia. Waliangalia chini. Mzee akanipa njia moja: niombe msamaha mbele yao, nibaki. Nilikuwa na chumba, kitanda, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sikuwa natazama barabara. Nilikitaka kile kibarua. Lakini nikiomba msamaha, ingekuwa ni mama yangu aliyekosea.

"Nitalikandika upya," nikasema, "kisha nitakwenda. Msamaha sina."

Nilipita kwa wauza miche kando ya barabara kuu ya Thika, nikiomba vyungu vya maua vilivyovunjika. Walinipa bure, wakifurahi kuondolewa takataka. Nilivisaga mwenyewe. Yule wa kuvukuta, shavu likiwa na bendeji, alikuja kukanyaga udongo pamoja nami bila kuombwa.

"Unakanyaga kama unaogopa kuuumiza," nikamwambia.

"Nafikiria mrenda," akasema.

Niliacha ukuta ukauke Jumatatu mpaka Jumatatu. Mzee alipita kila asubuhi akiguna, nami kila asubuhi nikasema bado. Kisha nikawasha moto mdogo wa maranda, na siku iliyofuata moto wenyewe. Alumini ilitulia kama maziwa. Hakuna kilicholia.

Nilikuwa nimeshafunga begi langu. Mama alikuwa akiweka kiganja juu ya kitu ili akijue, nami nikaweka changu ubavuni mwa pipa, mbele yao wote, nikakiacha hapo. Lilikuwa vuguvugu tu. Mzee akaja, akaweka chake karibu na changu.

"Sasa ile iliyoruka tuseme ilikuwa nini?" akauliza, polepole.

"Tuseme ilikuwa saruji, mzee."

Hakuondoa mkono. Niliondoa wangu, nikachukua begi, nikashika njia ya Thika.