Mtoto Aliyekuwa Kwenye Gwaride

Sajini mstaafu Ocira wa Luzira alikuwa anatengeneza watoto. Cheka basi umalize, mtaa mzima ulishacheka. Mwanamume wa miaka sitini na mbili, askari magereza aliyefunga na kufungua milango kwa miaka ishirini na nane, mtu ambaye akikohoa tu jirani anapunguza redio, leo anakaa barazani na sindano akimpandikizia mwanasesere nywele, unywele mmoja mmoja!

Wala hakuwa anacheza. Mkewe, Mama Ajok, huuza mboga nje ya chuo kimoja cha wakunga, na siku moja alirudi na habari kwamba wanafunzi wa pale wanajifunza kubeba kichanga kwa kutumia dumu la lita tano lililofungwa kitenge. Ocira aliudhika kana kwamba ametukanwa yeye. "Dumu? Dumu lina masikio?" Kesho yake akaanza kazi.

Ufundi wa mikono aliujua, maana miaka yake ya mwisho kazini alisimamia karakana ya wafungwa. Alifinyanga kichwa cha udongo, akakipigia kalibu ya plasta, akamimina mpira wa maji, na ulipokauka akaubambua polepole. Rangi hakupaka kwa brashi. Aligusagusa kwa kipande cha sifongo, tabaka jepesi juu ya jingine: nyekundu kwanza, kisha buluu kidogo ya mishipa kwenye kope, mwisho kahawia. Na hapa ndipo alipowaacha watu hoi. Watoto wetu huzaliwa weupe weupe, na bibi akitaka kujua mjukuu atakuwa wa rangi gani hukimbilia kutazama ncha za masikio. Basi masikio ya mtoto wa Ocira yalikuwa meusi kuliko mashavu. Mwili akaushona kwa kitambaa, akaujaza mchanga uliooshwa na punje za mtama, akaupima kwenye mizani ya muuza samaki mpaka ukafika kilo tatu na gramu mia moja. Shingoni akatia kijiti cha mvule, akakigonga, akakitia gundi. Fundi hataki kitu kinachotikisika.

Jumamosi akaja Mwalimu Vera, anayefundisha pale chuoni. Alimwona mtoto amelazwa ndani ya beseni, akashika mdomo.

"Banange, Afande! Huyu anapumua!"

Ocira akavimba kifua. Vera akamshika mtoto mkono mmoja, akamwinua juu. Kichwa kikabaki kimenyooka, macho mbele, tayari kupokea saluti. Akamwinamisha kushoto, kichwa sawa. Akamlaza kifudifudi kiganjani, bado sawa.

"Afande," alisema Vera, akijizuia kucheka na kushindwa, "huyu mtoto yuko kwenye gwaride."

"Ni imara," alijibu Ocira.

"Ndio ubaya wake huo. Wanafunzi wangu jambo la kwanza wanajifunza kuishika shingo, na huyu anajishikia mwenyewe. Wapya wanaanza Alhamisi. Nitapita Jumatano jioni. Shingo ikiwa ni hii hii, nisamehe, nitarudi kwenye dumu. Dumu angalau mfuniko wake unalegea."

Kushindwa na dumu! Ocira hakula mchana huo.

Jumapili alitia springi ya kitanda, kichwa kikawa kinaitikia kila neno, utadhani muumini anayesinzia kanisani. Akajaribu kipande cha kandambili, kichwa kikainama kushoto na kikakataa katakata kurudi. Jumatatu alifunga kamba, kichwa kikazunguka chote kikatazama mgongoni. Binti yake Ajok, aliyekuwa amekuja kujifungulia nyumbani, alipiga ukelele akaomba hicho kitu kifunikwe haraka.

Tatizo, na aibu hii lazima tuiseme, ni kwamba Ocira hakuwahi kubeba kichanga maishani mwake. Watoto watano, jamani! Enzi zile kwenye kambi ya askari magereza wanaume walikuwa wanaambizana kwamba mikono ya funguo na virungu isimguse mtoto mpaka akaze shingo. Basi kila mmoja wa wale watano alimpokea akiwa tayari anatembea. Na sasa ndani ya nyumba yake kulikuwa na Odur, mwana wa Ajok, mwenye wiki mbili tu duniani. Ocira alikuwa amemtembelea mara moja. Alisimama mlangoni na tepu, akakadiria vipimo kwa macho, akaondoka.

Jumanne Mama Ajok alichoka.

"Baba Ajok, hiyo shingo unayohangaika nayo iko chumbani, inanyonya."

"Nimeshaipima."

"Kutoka mlangoni?"

"Macho yangu hayajaharibika."

"Nenda ukanawe mikono."

Alinawa mara tatu. Akasema mikono bado ina gundi. Akasema anahisi mafua. Akasema mtoto amelala, tusimsumbue, na huku Odur anapiga mayowe yanayosikika hadi barabarani. Aliogopa, basi. Mtu aliyewahi kuingia peke yake katikati ya wafungwa wanaopigana, leo alikuwa anamkimbia mtoto wa wiki mbili.

Mama Ajok hakubishana naye. Alimchukua Odur akamweka mikononi mwa babu yake. Ocira akambeba kama sinia la chai, viwiko vimekakamaa, pumzi ameibana. Mtoto akageuka kutafuta titi, kichwa kikaporomoka kwa nyuma, na kabla Ocira hajafikiri lolote kiganja chake kilikuwa kimeshafika, kimekidaka. Kichwa kikatulia pale, kizito, cha moto, kina jasho. Humo hamkuwa na kijiti wala springi. Shingo yote ilikuwa ni kiganja chake.

"Lo," alisema, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia.

Odur akamkojolea shati. Ocira hakuhama. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, Ajok akaja kumdai mwanawe.

"Ngoja. Bado napima."

"Kwa tepu gani?" Mama Ajok aliuliza.

Tepu ilikuwa chini ya kiti, imejiviringisha. Ocira alijipangusa macho kwa bega, akalalamika kwamba gundi ya siku hizi ni kali sana.

Jumatano asubuhi aling'oa kila alichokitia shingoni mwa yule mwanasesere, akashona kifuko cha kitambaa, akakijaza mtama nusu tu, akakiacha kilegee. Alimaliza saa sita.

Jioni Vera alikuja mbio mbio, mkoba begani, akainama kwenye beseni kumwinua mtoto. Mkono wake wa kushoto ulikwenda shingoni wenyewe, bila kutumwa. Alisimama, akawa anambembeleza, na ulipita muda kabla hajagundua kwamba anabembeleza mtama na mchanga.

"Nataka kumi na wawili kama huyu," alisema. Kisha akamtazama Ocira vizuri. "Shingo hii huwezi kuitoa kitabuni, Afande. Umelea watoto wangapi wewe?"

Mama Ajok, aliyekuwa anachambua mboga pembeni, aliinua kichwa amsikie atakavyojigamba na wale watano.

"Mmoja," alisema Ocira. "Nimeanza jana."