Bajaji ya Umeme Yashuka Kilindoni

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya wilaya, hapa kisiwani kwetu Kilindoni, Mkuu wa Karakana hakunipa spana. Alinipa brashi na kopo la sifa, yale mafuta mazito ya maini ya papa wanayopaka mafundi wa vyombo vya bahari ili mbao zisioze.

"Ingia chini ya gari lile," akasema. "Huku kwetu gari haliuawi na safari, linauawa na chumvi. Paka mpaka nisione chuma!"

Nikapaka. Nilinuka papa siku kadhaa, mama akanifukuza mkekani, lakini furaha niliyokuwa nayo haisemeki. Nimeajiriwa!

Kazi ilikuwa ya dizeli, vijana wangu. Nozeli, kile kidude kinachopulizia mafuta ndani ya injini, tuliisafisha na kuijaribu kwa pampu ya mkono. Spea ikikosekana, tulingoja boti kutoka bara. Baadaye nikahamishiwa Ikwiriri, kule bara, chini ya Mhandisi wa Barabara, mtu mkali kwelikweli. "Fundi," alikuwa akisema, "usinisimulie ugonjwa, niletee gari linalowaka." Kisha nikarudishwa nyumbani kwenye mitambo ya dizeli ya kufua umeme, na huko ndiko nilikostaafia.

Nilidhani nimemaliza. Wapi! Barazani kwa Bwana Akbarali, muuza spea, siku hizi hakuzungumzwi ila simu, betri na Ulaya. Yeye hutusomea habari kutoka kwenye simu yake.

"Ulaya wanataka kuacha kuuza magari mapya ya mafuta," anasema. "Mara wanakaza, mara wanalegeza. Haya, na yale ya zamani yatashushwa wapi? Si ni hapa kwetu!"

"Na wewe utayauzia spea mpaka uchoke," namjibu. "Mimi nasema wabaki nayo. Jua tunalo, tuchaji!"

Hunicheka, fundi wa dizeli kutetea betri. Lakini nilikuwa na sababu. Binti yangu Mwanaidi alikuwa ameuza minazi yote aliyoachiwa na marehemu mama yake, akanunua bajaji ya umeme Dar es Salaam. Ikikataa kwenda, hana minazi wala bajaji, na ana watoto wa kulisha.

Iliposhushwa bandarini nilikuwa msikitini, swala ya alasiri. Nilipofika, harufu ndiyo iliyonipokea. Shaweji, mstaafu mwenzangu wa karakana, alikuwa ameshaipaka sifa chini kote, mpaka ndani ya soketi ya kuchajia, kwa mapenzi yake yote! Mwanaidi akachomeka chaja. Taa nyekundu. Akachomoa, akachomeka tena. Nyekundu. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu minazi. Nikadaka spana.

"Baba, subiri," Mwanaidi akasema. "Hapa hapafunguliwi. Walinifundisha kule nilikonunua."

Akazima swichi kuu, akavaa glovu, akaagiza spiriti duka la dawa, akaanza kusugua pini moja moja kwa mswaki. Shaweji alikuwa amejishika kichwa.

"Nisamehe mwanangu, nilikuwa naikinga."

"Umeikinga, ami. Ila mdomo ungeiachia, ipate kula umeme."

Akaacha pini zikauke, akawasha swichi, akachomeka. Kijani! Nilipiga ukelele ambao mtu wa umri wangu hapaswi kuupiga, nikamkumbatia Shaweji na sifa zake.

Asubuhi yake tukatoka kuelekea uwanja wa ndege, mimi nimeketi nyuma kama waziri. Loo, raha iliyoje! Hakuna moshi, hakuna mtetemo, na hakuna sauti. Hapo ndipo palipokuwa na kasheshe, maana watu hawakutusikia. Inasemekana Ulaya wameweka sheria kwamba gari la umeme lazima litoe mlio likienda polepole, na siku ile niliwaunga mkono kwa moyo wote. Honi ya Mwanaidi iliwashtua watu wakarukia katikati ya barabara, basi nikatoa kichwa nje nikawa naita, "Jamani, tupisheni! Umeme huo!"

Watu wakageuka, wakashangaa, wakapunga mikono. Wawili wakapanda sokoni. Mbele kidogo, mama mmoja mwenye kapu la samaki akasimamisha. Mwanaidi akafunga breki, akanigeukia kwa adabu.

"Baba, samahani. Nafasi yako imepata abiria."

Nikashuka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikicheka peke yangu njia nzima.