Sikio la Karakana

Katika karakana ya boti za fiba walimwita Sikio, jina alilolitolea jasho miaka kumi na tisa. Kitambaa cha fiba kikishalazwa kwenye umbo la boti na kufunikwa plastiki, kingo hubandikwa utepe wa gundi, kisha pampu hunyonya hewa yote ya ndani. Kukibaki tundu, hata la ncha ya sindano, hewa huingia, resini, gundi ya maji inayokigandisha kitambaa, haienei, na kazi nzima ni ya kutupa. Sikio aliinama tu, akasikiliza, akaonyesha kwa kidole. Geji, kile kipimo cha hewa, iliachiwa wageni.

Mwaka jana sauti nyembamba zilianza kumpotea. Sasa hata maneno aliyapata akimwona mtu usoni. Hakumwambia yeyote, hata mumewe, aliyedhani mkewe kaota kiburi. Wiki iliyopita sindano ya geji ilishuka kidogo, dalili ya hewa kuingia, yeye akasema haivuji, na msimamizi akaamini sikio kuliko geji. Sakafu ya boti ikaharibika. Lawama zikamwangukia shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchanganya resini, eti alikosea vipimo. Msimamizi akaapa kwamba ikitokea tena atamfukuza.

Asubuhi hii pampu ilipozimwa ili kupima uvujaji, sindano ikaanza kushuka tena. Sikio alizunguka mara mbili, akainama kila kona. Kimya kitupu. Shemeji alikuwa kasimama na ndoo yake, anamtania kwamba akizidi kuchelewa resini itadai talaka. Alimwamini mno, na hilo ndilo lililomchoma.

Msimamizi akaja mbele yake. "Dada, haivuji?"

Shingo ilishaanza kuitikia yenyewe.

"Sijui," akasema. "Sisikii. Hata wiki iliyopita sikusikia. Shemeji hakukosea."

Utani ulimkauka shemeji mdomoni. Kwa kuwa kazi haikungoja aibu ya mtu, Sikio alimwelekeza shemeji: aanzie kwenye mikunjo ya plastiki, kisha penye mdomo wa bomba, asikilize akiwa ameinamisha sikio upande. Kwenye mkunjo wa nne shemeji akainua mkono. Akaukandamiza utepe kwa dole gumba, na sindano ikatulia.

"Shemeji," Sikio akamwita, "utanisamehe?"

Mabega ya shemeji yalitikisika kidogo, kama ya mtu anayesema neno. Lakini alikuwa amempa kisogo, na Sikio hakupata alichojibu.