Mtego Kando ya Birika

Kwetu ng'ombe wa urafiki hakaguliwi. Rafiki akikuletea ng'ombe, humfungui mdomo kutazama meno, humpapasi kiwele, huulizi kwa nini ametolewa huyu na si yule. Unasimama, unamsifu, unampa jina, unamshukuru aliyemleta. Siku ng'ombe huyo akizaa ndama jike wa kwanza, unamrudishia rafiki yako, na kuanzia hapo ninyi ni ndugu na watoto wenu ni ndugu. Anayekagua anatangaza mbele za watu kwamba hamwamini mwenzake. Sydney imenifundisha kukagua kila kitu: tairi za gari, risiti ya dukani, tarehe kwenye chupa ya maziwa. Ng'ombe yule sikumkagua, mdogo wangu aliyempokea hakumkagua, na mama yangu ndiye kabisa.

Aliyenipa ni mtu wa milima ya kwetu, mashariki ya Kongo. Tulijuana kambini Uganda, tukaletwa Australia kwa nyakati tofauti, tukaonana tena Sydney, mtaa wa Guildford, kwenye foleni ya duka la nyama. Tulikumbatiana pale pale mpaka mwenye duka akauliza kama tunanunua au tunalia. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi kwenye ghala la Wetherill Park alikokuwa dereva wa foklifti, kile kigari cha kuinulia mizigo. Alinipitia na gari lake kila asubuhi, na njia nzima tulizungumza habari za ng'ombe. Wakati wa chakula wenzetu walitazama mechi kwenye simu zao, sisi tukatazama picha za ng'ombe. Walitucheka, na sisi tukawacheka wao.

Mama yangu alibaki Uganda na mdogo wangu, kwenye vilima vinavyopakana na mbuga ya wanyama. Mama wa rafiki yangu naye alikuwa upande huo huo, vilima kadhaa mbele, na kundi lao lilikuwa kubwa kuliko letu. Ng'ombe wa maziwa wa mama alipokufa kwa uzee, rafiki yangu aligeuka kunitazama tukiwa kwenye taa nyekundu.

"Maman yako hawezi kukaa bila maziwa," akasema. "Nitamupa moja. Ya kwangu mwenyewe, ile ya kichwa cheupe."

Niligeuza uso dirishani ili asione machozi. Ng'ombe wa kichwa cheupe nilimjua kwa picha. Alikuwa mzuri kweli, mwenye pembe zilizojipinda sawasawa na ngozi ya kung'aa, na rafiki yangu alimsema kama watu wanavyomsema binti yao aliyefaulu shule. Mama alipomwona aliimba mpaka sauti ikakauka. Mdogo wangu alinirekodia, nami nikamsikilizisha rafiki yangu ndani ya gari, naye akatikisa kichwa kwa furaha. Ndivyo nilivyoisoma ile furaha wakati huo.

Inafaa niseme pia kuhusu maziwa, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu maziwa hayachemshwi. Wazee wanaamini ukiweka maziwa motoni unakiunguza kiwele chenyewe, na ng'ombe atakauka. Mama yangu angekubali kulala njaa kuliko kufanya hivyo. Alikamua, akamimina kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akanywa. Hivyo ndivyo mama yake alivyokunywa, na hivyo ndivyo sisi wote tulivyokua.

Mwaka uliofuata ng'ombe mmoja wa mama alianza kukonda. Alikohoa akinywa maji, alikohoa akipanda kilima, mwisho akalala chini na hakuinuka. Kisha akaanza mwingine. Nilimweleza rafiki yangu wakati wa chakula. Alifuta mikono, akatoa simu na kunionyesha video ya Uingereza. Watu waliovaa mabuti walikuwa wakitega vizimba vya chuma porini, na ndani ya kizimba kimoja alikuwamo mnyama mfupi wa miguu mwenye milia usoni. Waingereza wana jina lao la kumwita, sisi pale mezani tulimwita nyegere wa Wazungu.

"Ona weye mwenyewe," akasema. "Ata Bazungu banawaua. Ni hawa njo banaleta tibii, ile kifua kikuu, kwa ng'ombe. Banakojoa mu majani, banakojoa mu maji, ng'ombe inakula, inagonjwa. Kwenu nyegere si biko?"

Nyegere walikuwapo, tena wengi. Walitoka upande wa mbuga jioni wakaja kunywa kwenye birika la ng'ombe la mama, bila woga, kama waliolijenga wao. Nilimpigia mdogo wangu siku ile ile. Alitengenezewa kizimba cha mtego na fundi wa kuchomelea, akakiweka kando ya birika, akatia asali ndani. Ilibidi ifanyike kimya kimya, maana askari wa mbuga wakijua ni kesi.

Mama hakupenda. "Nyegere hawajanilia kitu," alisema kwenye simu. Mimi na mama huzungumza kilugha chetu, hapa namweka kwa Kiswahili. "Nimewakuta hapa, na ng'ombe wangu walikuwa wazima. Leo wamekosa nini?"

Nilimwambia mambo ya kisayansi. Nilimwambia hata Ulaya wanafanya hivyo. Ah, jinsi nilivyokuwa mjuaji! Mdogo wangu akatuma picha ya wa kwanza: mgongo mweupe, meno yameng'ata waya, macho yanatazama moja kwa moja. Walimwua kwa mkuki. Nilimwonyesha rafiki yangu, akanipiga bega na kusema safi, endeleeni. Tuliendelea. Kila walipomnasa mwingine nilimwonyesha, na kila mara alinipiga bega.

Wakati huo nilikuwa nikihangaikia visa ya mama. Mke wangu alishapaka rangi chumba cha nyuma, na binti yetu alikuwa ameshamchorea bibi yake ng'ombe ukutani, ng'ombe mwenye miguu mirefu kama twiga. Kilichobaki kilikuwa vipimo vya afya tu. Mama alisafiri mpaka mjini, akapigwa picha ya kifua, daktari akamshika shingo na kukuta matezi yamevimba. Mama alikuwa akiyafunika kwa kitambaa, akidhani ni uzee. Vipimo vilirudi na jibu la kifua kikuu. Visa ikasimamishwa mpaka amalize dawa na apimwe upya, na daktari alituonya kwamba kwa umri wake na jinsi alivyodhoofika, hawezi kutuahidi kitu. Aliuliza pia kama mama hunywa maziwa mabichi.

"So is Bibi coming or not?" binti yangu akauliza, yaani bibi yake anakuja au haji.

Rafiki yangu alikuja jioni ile na mke wake na Biblia. Alipiga magoti kwenye zulia langu, akamshika mkono mke wangu, akamwomba Mungu amponye mama na kumfungulia njia ya kuja Sydney. Alilia kwelikweli. Nilimpenda mtu yule jioni ile kuliko ndugu zangu wa damu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Daktari wa mifugo alikuja kuwapima ng'ombe. Anachoma sindano kwenye ngozi ya shingo, anarudi baada ya siku chache kutazama pamevimba kiasi gani. Wa kichwa cheupe alikuwa na uvimbe mkubwa kuliko wote. Mdogo wangu aliponiambia, wazo langu la kwanza lilikuwa: maskini, nyegere wamemwambukiza hata yule. La pili lilikuwa: rafiki yangu asijue, ataona aibu kwamba zawadi yake imeharibika mikononi mwetu. Nilimficha. Nilimhurumia, jamani! Nilikaa kwenye kiti cha gari lake nikiuma maneno ili nisimwumize.

Kisha ikaja Jumapili moja baada ya kanisa. Walikuwa kwetu, wanaume tuko sebuleni, wanawake jikoni. Niliingia jikoni kuchukua vikombe. Mke wangu alikuwa akichemsha maziwa ya dukani kwa chai, na mke wa rafiki yangu alikuwa akimlalamikia mumewe, kama wanawake wanavyowalalamikia waume zao, bila ubaya.

"Bwana yangu ni mugumu sana," alikuwa akisema. "Ona vile alimufanyia mama yake. Alimukatalia kunywa maziwa mabichi. Ati achemushe yote, ata ya watoto. Mama alilia kwa simu, akasema weye unataka kuua ng'ombe zangu. Bwana akasema chemusha ao sitakupigia tena. Mama akachemusha."

Nilisimama na vikombe mkononi. "Lini hiyo, shemeji?"

Akafikiri. "Ni zamani. Mbele, kabla ya ile ng'ombe yenu kutoka kule kwetu. Ndiyo, mbele, sababu mama alisema afazali iende kwa watu benye hawachemushi."

Aliendelea na habari nyingine. Hakujua alichokisema. Mke wangu alijua, maana alizima jiko na kunitazama. Mtu wa kwetu hamwambii mama yake achemshe maziwa. Anaweza kumwambia abadili dini, akamwambia ahame nchi, lakini si hilo. Ukimwambia achemshe, na ukamlazimisha mpaka akalia, basi umeambiwa jambo na unalijua kwa hakika.

Nilirudi sebuleni nikampa chai. Nilishindwa kusema mbele ya watoto.

Kesho yake asubuhi alinipitia kama kawaida. Tuliingia kwenye maegesho ya ghala, akazima gari.

"Kwa nini mama yako anachemsha maziwa?" nikamwuliza.

Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Hakuuliza nani kaniambia. Hakukana pia, na kusema kweli nilikuwa naomba akane.

"Muganga wa ng'ombe alipima zetu," akasema. "Ile ya kichwa cheupe alisema iko nayo. Akasema tuichinje. Ndugu yangu, ile ng'ombe nilikuwa naiona kwa simu kila siku. Ilikuwa inakula, inakamuliwa, ngozi yake safi. Nilishindwa. Niliionea huruma. Nikasema iende kwa mutu atayeipenda, labda itaishi."

"Na mama yangu?"

"Nilifikiri labda haitamupata."

"Si ungesema tu achemshe. Neno moja."

"Ng'ombe ya urafiki, unaitoa na unaisema vibaya?" Alinigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, yale yale aliyoyamwaga kwenye zulia langu. "Weye unajua haisemwi vile. Ungenizarau."

"Na nyegere?"

Hapo ndipo alipotazama chini. "Ile video ni ya kweli," akasema. "Uingereza banawaua kweli."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa kilugha chetu, na nilipoishiwa nilimtukana kwa Kiingereza cha ghalani, ambacho kwa kazi hiyo ni kizuri. Nilishuka nikaubamiza mlango. Tangu siku ile nakwenda kazini kwa basi, nabadilisha njiani, na nikichelewa nachelewa. Yeye bado anaendesha foklifti. Tukikutana kwenye kona ya rafu anapiga honi kama sheria inavyotaka, nami nampisha.

Watu wa kanisani wamenijia. Wanasema hakukusudia, wanasema alimwonea huruma mnyama, wanasema tusamehe. Sawa. Huruma alikuwa nayo, sikatai. Alimwonea huruma ng'ombe, akamwonea huruma mama yake, akajionea huruma yeye mwenyewe asidharauliwe. Ilipofika kwa mama yangu ikawa imekwisha. Sina ninachokitafuta kwake, na mtu asinipangie lini hasira yangu iishe.

Mama sikumwambia, na mtego wa nyegere ukabaki pale birikani. Anameza dawa zinazomtapisha, na ng'ombe wote walioonekana na ugonjwa wamechinjwa, wa kichwa cheupe akiwa wa kwanza. Niliona haina haja kumwongezea. Jumapili iliyopita tulizungumza kwa video. Amekonda, kitambaa cha shingoni kimelegea. Mdogo wangu hatimaye alikuwa amemshawishi achemshe maziwa ya wale wachache waliobaki, na sufuria ilikuwa nyuma yake juu ya moto, yeye amekaa akiipa mgongo ili asiione.

"Nachemsha," akasema. "Nafanya na kulia, lakini nachemsha." Kisha akasogeza uso karibu na simu. "Mwanangu, mama wa rafiki yako. Yule bibi ni mkaidi kuliko mimi, na kundi lake linachunga upande wa mbuga vilevile. Mwambie rafiki yako amwonye mama yake. Asije akapata haya niliyoyapata mimi."

Ningeweza kusema nitamwambia. Lilikuwa jambo dogo, na simu ingekatika kwa salamu. Lakini nilishachoka kumwona akidanganywa.

"Alishaonywa, mama," nikasema. "Yeye anachemsha."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaletewa wa kichwa cheupe."

Niliyaona maziwa nyuma ya mama yakipanda, yakamwagika, moto ukafuka moshi, na hakugeuka. Mdogo wangu alipita upesi akaepua sufuria. Mama alinyoosha kitambaa cha shingoni, akakifunga upya, taratibu, kisha akamwita mdogo wangu jina lake la utotoni.

"Nenda kautoe ule mtego birikani," akamwambia.