Nani Alikuwa Kwenye Usukani

Verna Friesen alianza kuendesha lori la nafaka akiwa msichana wa kukalia mto ili aone barabara. Sasa ana wajukuu, na pale kijijini kwao Saskatchewan, nchini Kanada, hakuna mwanamume anayethubutu kumfundisha gia. Msimu wa mavuno yeye ndiye mpishi, yeye ndiye wa kupeleka chakula shambani, na akishagawa viazi na nyama anapanda lori kupeleka ngano ghalani kando ya reli.

Mwaka huo goti lilimgomea. Lori akapewa mkwe wake, Brody.

Siku yenyewe theluji ilikuwa imeshatangazwa, na nusu ya ngano bado imesimama. Verna alifika na masufuria yake, akamkuta Brody nyuma ya lori, macho kayafumba, moshi unamtoka puani.

"Brody! Unavuta bangi na lori lina mzigo?"

"Mama, tulia. Ni halali. Nimenunua dukani, na risiti nimepewa."

"Hata wiski ina risiti."

"Wiski inakutia wazimu. Hii inanituliza tu. Naendesha polepole kama mchungaji anakwenda kanisani." Akacheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Verna akamwambia akae chini, ale, asiguse usukani. Akaenda kumwita mumewe, Abe, aliyekuwa juu ya mashine ya kuvunia. Kurudi, lori limeondoka. Na Tessa, mtoto wa Brody, wa miaka saba, aliyekuja na bibi yake kuleta chakula, hayupo. Huko watoto wote hupanda lori wakati wa mavuno. Kwenda kuona ngano ikimwagwa ghalani ndiyo sikukuu yao. Hakuna aliyefikiria kumzuia.

Verna akaingia kwenye pikapu yake na goti lake bovu, akalifuata vumbi. Kweli lori lilikuwa linakwenda polepole, ila linayumba kutoka ukingo huu mpaka ule. Kwenye barabara kuu pana alama ya kusimama. Brody hakusimama. Alivuka tu, taratibu, kama mtu anayekatiza sebule yake. Lori la mafuta lililokuwa linakuja likapiga honi, likakwepa, likaishia mtaroni, dereva wake mzima. Hapo ndipo Brody akashtuka, akakata kona, lori likalala ubavu na ngano ikafunika lami.

Tessa alitolewa kupitia dirisha, mdomo una damu, jino moja hakuna.

"Bibi, nilimwambia gari linakuja. Akasema liko mbali."

Abe alifika kabla ya polisi. Aliitazama ngano, akatazama mawingu, akamvuta mkewe pembeni.

"Sema ulikuwa unaendesha wewe. Wewe hujavuta kitu. Watakuandikia kosa dogo, jioni tuko shambani."

"Hebu rudia, Abe."

"Wakimchukua huyu, nani atabeba ngano? Jirani yeyote angetusaidia hivyo."

"Basi majirani wote wajinga! Mtoto anatema damu, wewe unalilia ngano?"

Askari, mwanamke kijana, akashuka garini. "Nani alikuwa anaendesha?"

Brody alimtazama mama mkwe wake kwa macho mekundu, ya kuomba.

"Huyo hapo," Verna alisema. "Amevuta bangi, nimemwona kwa macho yangu. Na mtoto alikuwa ndani."

Kipimo cha mate hakikumficha. Leseni ikachukuliwa pale pale, lori likakokotwa. Hospitalini wakampima damu, na mahakamani akasomewa kosa la jinai. "Lakini ni halali," Brody alilalama. Hakimu akamwambia kuvuta ni halali, kuendesha ukiwa umelewa bangi si halali, na kumpakia mtoto kunalifanya kosa kuwa zito zaidi. Akapigwa faini, akafungiwa kuendesha mwaka mzima.

Theluji iliikuta ngano shambani. Abe akawa hasemi mezani. Jumapili ya chakula cha shukrani ya mavuno, kwenye ukumbi wa kanisa, shemeji yake Verna akasema kwa sauti ya kusikika, "Wengine wanawauza wakwe zao kwa polisi."

"Nimemuuza?" Verna aliinuka. "Dereva wa mafuta angekufa, mngempelekea mjane wake keki, mkaimba? Na Tessa je? Mngeniambia niseme nani alimuua?"

Verna akalifunika sufuria lake, likiwa bado limejaa, akamshika Tessa mkono, wakatoka.