Farasi wa Mahari

Norbert alikuwa mtunza farasi katika zizi moja nje kidogo ya Jordbro, kusini mwa Stockholm, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu moja kubwa: farasi hawamwombi mtu hotuba. Watu walimtoa jasho. Kanisani Tumba alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na ukifika wakati wa kupeana mikono alijifanya anafunga kamba za viatu.

Kwa hiyo siku rafiki yake Zacharie alipomwomba amsindikize kwenye kikao cha mahari, Norbert nusura aangushe ndoo ya shayiri.

"Utakaa tu," Zacharie alimtuliza. "Wakwe wanataka kumwona mtu anayemlisha farasi wangu."

Na kweli Zacharie alikuwa na farasi, kwa namna fulani. Farasi huyo, Blixt, alinunuliwa na watu mia moja waliochanga, na Zacharie alikuwa mmoja wao. Wale tisini na tisa hakuwataja popote. Kila Jumamosi alikuja zizini na koti refu, akapigwa picha ameshika hatamu, na picha hizo zilikuwa zimefika mpaka kwao Bukavu, Kongo.

Kikao kilifanyika mtaa wa Bredäng, sebuleni kwa Papa Hervé, baba mkubwa wa Adrienne, binti aliyekuwa akiposwa. Mzee hakupenda kuzungusha maneno.

"Kwetu mahari ni ng'ombe," alisema. "Hapa Stockholm ng'ombe nitamfunga wapi? Lakini picha nimeziona. Nipeni yule farasi, tumalize."

Zacharie akatazama dirishani. "Papa, balkoni yenu ni ndogo."

"Atabaki hukohuko aliko. Mimi nataka karatasi ziandikwe jina langu." Akamgeukia Norbert. "Wewe ndiye unayemlisha. Huyu farasi ni wa nani?"

Sebule nzima ikamtazama Norbert. Chini ya meza, kiatu cha Zacharie kikamkanyaga. Walikuwa marafiki tangu kambi ya wakimbizi, na Norbert aliona wazi kwamba akisema kweli, harusi inaweza kufa palepale. Akidanganya, Jumatatu mzee atakuja zizini na kamba yake.

"Ni wa watu wengi," alisema, akiitazama sahani.

"Wangapi?"

"Mia moja, Papa."

Papa Hervé akaweka glasi chini. "Na huyu ana sehemu gani? Kichwa? Mkia?"

"Hawajamgawa, Papa. Wanagawana zawadi akishinda."

"Anashinda?"

Sasa Norbert alikuwa ameshafunguka, na hakujua namna ya kujifunga. "Hapana. Farasi hawa wanashindana wakivuta vigari, na sheria inakataza farasi kuchomoka mbio kamili. Huyu akiona wenzake tu, anachomoka. Wanamtoa mashindanoni. Mwaka huu mara saba. Juzi kwenye uwanja wa Solvalla walimtoa kahawa yangu ikiwa bado ya moto."

Mama Béata, mke wa mzee, alijifunika kitenge usoni, mabega yakimcheza.

Adrienne akatokea jikoni. "Papa, mimi najua tangu Pasaka. Alinionyesha karatasi. Nikamwambia aache kujisifu, akasema picha zimeshafika Bukavu, atazirudisha vipi?"

"Kumbe aliyedanganywa ni mimi peke yangu."

"Na Bukavu," alisema Mama Béata ndani ya kitenge.

Mzee alimtazama Adrienne, akamtazama Zacharie, ambaye alikuwa amejikunja kwenye kochi kama nguo ya kufuliwa.

"Ng'ombe sita," alisema mwishowe. "Wa kweli, wazima, kila mmoja na miguu yake minne. Utamnunulia dada yangu kulekule Bukavu, awafuge. Na mambo ya picha sasa basi."

"Ndiyo, Papa," alisema Zacharie, kabla mzee hajabadili mawazo.

"Jambo jingine. Wewe sitaki tena kukusikia ukijisemea. Kuanzia leo msemaji wa upande wenu ni huyu." Kidole kilimwelekea Norbert. "Vikao vyote vilivyobaki. Na hotuba siku ya harusi."

Norbert aliuliza kama angeweza kuandika, mtu mwingine asome.

"Hapana," alisema Papa Hervé, akimsogezea kuku. "Kula, mwanangu. Bado tuna vikao vinne."